Tatu, Kisha Moja

Harlow Gap, Oklahoma
6 Novemba 1977

Mwanangu Twyla,

Salamu nyingi kutoka kwangu, baba yako mdogo Verlon, mwanamume pekee katika wilaya hii aliyepasua kuni za msimu mzima kwa siku moja na nusu na bado akawahi chakula cha mchana. Bibi yako hajambo. Ana miaka themanini na moja, masikio yamekwisha kabisa lakini mdomo haujapungua hata nukta. Jumapili alimlalamikia mchungaji kwamba mahubiri yamekuwa mafupi siku hizi, kumbe yeye ndiye aliyelala. Mimi nimevua kambare mkubwa hivi kwamba nilipomtoa, maji ya bwawa yalishuka shubiri nzima. Najua utagawa kwa tatu, kama ulivyokuwa mchezo wenu wewe na marehemu baba yako kila nikifungua kinywa. Gawa tu. Bado ni kambare.

Huko Alaska natumaini hamjaganda. Mtu aliyekuambia ualimu haupatikani karibu zaidi alikudanganya.

Sasa lililonifanya nishike kalamu, mimi niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa vya kunifundisha. Ni zana za baba yako, Hollis. Tangu upepo wa kimbunga wa Mei ulipomchukua kaka yangu na karakana yake, zana zote ziko barazani kwangu chini ya turubai. Randa zake tatu, misumeno, patasi, ile jiriwa nzito ya chuma. Zimeanza kushika kutu. Wewe ndiye mtoto wake pekee, kwa hiyo ni zako, na neno la mwisho ni lako. Zinahitaji stoo ya uani. Swali: nijenge au tununue?

Jirani yetu Pruitt amenunua ya bati. Imeletwa ndani ya boksi, na skrubu mia nane. Alikazana nayo wiki mbili, na mpaka leo anatembea na skrubu zilizobaki mfukoni na mlango wake umekaa juu chini. Nikamwambia, "Pruitt, hiyo ingekuwa farasi, mkia ungekuwa puani." Akanijibu, "Mimi angalau nina stoo, Verlon. Wewe una turubai na maneno." Wivu ni ugonjwa.

Mimi nikisema najenga, najenga. Nilijenga ghala zima nikiwa na miaka kumi na minne, peke yangu, mkono mmoja ukiwa umefungwa bandeji. Na mahali nimeshapaona, pale uani palipoinuka kidogo. Nijibu kabla ardhi haijawa ngumu.

Ni mimi baba yako mdogo, mdogo kwa jina tu,
Verlon Tackett


Mto Kuskokwim, Alaska
11 Desemba 1977

Baba Mdogo,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Bibi. Barua yako imechukua siku kumi na tisa. Ndege ya posta inatua juu ya barafu ya mto, na rubani akiona ukungu anarudi alikotoka na barua zetu. Mimi ni mzima. Nina wanafunzi kumi na wanne, na wote wanataka niwasimulie habari za upepo wenye mkia. Hawaamini. Wanasema theluji ina akili zaidi, inaua polepole.

Kambare nimemgawa kwa tatu, nikampa hongera aliyebaki.

Kuhusu stoo, jenga. Baba hakuwahi kununua kitu anachoweza kukitengeneza, na sitaki randa zake zilale ndani ya boksi la bati. Mbao za karakana yake zilizookotwa baada ya upepo bado zipo? Tumia hizo. Ukiwa na mpango niandikie vipimo, vya kweli.

Lakini hebu niambie, pale uani palipoinuka ni wapi? Mimi nakumbuka mahali pamoja tu palipoinuka, nalo ni tuta la handaki la kujificha upepo. Natumaini unamaanisha pembeni yake. Juzi nilikuwa nalikumbuka: harufu ya mafuta ya taa, makopo ya matango ya Bibi, sisi tumebanana magoti kwa magoti, na ile sheria ya Babu Amos. Mlango haufunguliwi kwa lolote ila kwa hodi ya nyumba hii. Gonga tatu, nyamaza, gonga moja. Maana upepo nao hugonga, matawi hugonga, mvua ya mawe hugonga, na anayeufungulia upepo mlango hatauona mlango huo tena. Tatu, kisha moja. Nimewafundisha wanafunzi wangu, sasa hawaingii darasani bila hiyo.

Jambo jingine, Baba Mdogo. Tangu Mei umeniandikia hadithi nne za ule upepo. Ulivyomnyoa Pruitt ndevu upande mmoja. Ulivyofungua gazeti la Bibi ukalisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Nimecheka zote. Lakini hujaniandikia hata mara moja kwamba wewe ulikuwa wapi.

Mwanao,
Twyla


Harlow Gap
15 Januari 1978

Mwanangu Twyla,

Heri ya mwaka mpya. Sisi wazima. Bibi yako amepika maharage na mkate wa mahindi, akasahau chumvi, akanilaumu mimi. Baridi imekuwa kali hata maziwa ya ng'ombe wa Pruitt yanatoka yamesimama wima. Utagawa, najua.

Kazi ya stoo imeanza. Mbao za Hollis nimezipata kumi na saba nzima. Vipimo vya kweli, kama ulivyoagiza: futi nane kwa kumi. Nimesimamisha nguzo tatu, zimenyooka hivi kwamba kunguru wanaogopa kutua juu yake. Imebaki nguzo ya nne. Shimo lake bado sijalichimba. Ardhi imeganda. Halafu mgongo. Halafu sururu ya kuchimbia imevunjika mpini, na mpini mpya nilioutengeneza ni mzuri mno, inaniuma kuuchafua.

Sasa nimefikiri upya kuhusu kununua. Si takataka ya bati kama ya Pruitt. Kando ya barabara kuu kuna mtu anauza vibanda vya mbao vilivyokwisha kujengwa, vina paa, mlango, dirisha na kila kitu. Chini vimewekwa magogo mawili ya kuburutia. Unachagua, lori linakuja, linakishusha unapotaka, saa moja tu kazi imekwisha. Hakuna kuchimba. Hakuna kukaa pale siku nzima umeinama.

Nitakiweka juu ya handaki. Lile handaki halifai tena, Twyla. Linavuja. Na kuna nyoka. Nilimwona mmoja mwezi wa kumi, mrefu hivi kwamba kichwa kilipotoka mlangoni Jumatatu, mkia ulitoka Jumatano. Bora lifunikwe, lisahaulike.

Ulichouliza mwishoni, wino umefifia pale, sikuweza kusoma vizuri.

Baba yako mdogo,
Verlon


Kuskokwim
12 Februari 1978

Baba Mdogo,

Salamu kwako na kwa Bibi. Hapa tumepata jua, karibu saa tisa kwa siku, tunalishangilia kama mgeni.

Sitazunguka. Hutaweka kitu juu ya handaki. Machi inakuja, kisha Aprili, kisha Mei. Upepo ukirudi Bibi atakwenda wapi? Nyumba yenu ya mbao, haina chumba cha chini ya ardhi, kuta zake mimi mwenyewe nilizitoboa kwa penseli nikiwa mtoto. Na kibanda kisicho na miguu ardhini ni kitu cha kwanza upepo unachookota. Hayo ulinifundisha wewe.

Wino wangu haukufifia. Natumia penseli.

Siku ya Krismasi nilipanga foleni kwenye simu ya dukani, ndiyo simu pekee ya kijiji, nikampigia Bibi. Wewe ulikuwa nje. Unajua Bibi na simu, hasikii neno lakini anaongea kama redio. Aliniambia hivi, nimeandika maneno yake: "Baba yako mdogo siku hizi anakula amesimama dirishani. Anaangalia uani. Akichimba kidogo anaacha, anakwenda kuweka sikio kwenye mlango wa handaki. Na juzi tumekaa, hakuna mtu aliyekuja, nikaona midomo yake inasema karibu. Anasema karibu, Twyla, na hamna mtu."

Nikamwuliza, "Bibi, anasikia nini?" Akanijibu, "Ndiyo, mwanangu, na wewe pia, Krismasi njema."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ninakuuliza kwa mara ya pili, na safari hii kwa wino. Siku ile ulikuwa wapi? Unasikia nini pale?

Twyla


Harlow Gap
5 Machi 1978

Twyla,

Bibi yako mzima. Mimi mzima. Mti wa nyuma umeanza kutoa macho.

Nimeandika barua hii mara nyingi. Mara tano. Usigawe.

Tulikuwa handakini, mimi na Mama, bibi yako. Mbingu ilikuwa kijani tangu saa tisa. Hollis alikuja mbio kutoka kwake, akatuingiza, akasema, "Gesi! Kaeni, nakwenda kufunga gesi." Nikamwambia acha. Akanicheka. "Verlon, wewe shika mlango, ndiyo kazi uliyozaliwa nayo." Akaenda. Nikafunga komeo kama Baba alivyotufundisha, na nikaushika kwa mikono miwili.

Kisha ukaja. Hujapata kuusikia ukiwa chini yake. Watu wanasema unavuma kama treni, mimi nilikuwa nasema hivyo pia. Si treni. Ni kama kitu kikubwa kinavuta pumzi na hakiachii. Masikio yaliuma. Mlango uliruka kwenye bawaba, mkono wangu ukachanika. Mvua ya mawe ilipiga juu ya bati, papapapa. Mama alikuwa ameziba uso kwa aproni ya jikoni, anaimba, hasikii hata sauti yake mwenyewe.

Ndani ya kelele hizo nikasikia mlango unagongwa. Ko, ko, ko. Tatu.

Nikangojea moja.

Twyla, mimi ni mtu ninayesema uongo kuhusu samaki. Naongeza. Nimeongeza maisha yangu yote, kwa sababu ukweli wangu ulikuwa mdogo, na Hollis alikuwa na ukweli mkubwa bila kujisumbua. Lakini hii siongezi na sipunguzi. Zilikuwa tatu, zimepangwa, si za tawi. Nilijua si za tawi. Mkono ulikuwa kwenye komeo. Nikajisemea, ngoja ya nne, sheria ni ya nne, Mama yuko hapa, nikifungua kwa upepo tumekwisha sote. Nikahesabu ndani ya kichwa. Moja. Sijui nilingoja muda gani. Haikuja.

Nilikuambia alikutwa kwenye ua wa Pruitt, kwamba upepo ulimchukua kabla hajafika. Kwamba alikutwa kule ni kweli. Nilipomvika suti kwa ajili ya mazishi niliona mkono wake wa kulia. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka. Nikamvuta mkono wa shati ukafunika. Hakuna aliyeuliza.

Siwezi kuchimba shimo la nne. Nikianza kupiga sururu chini, tatu zikipita, mikono inakufa. Usiku sioti, afadhali ningeota. Ni mchana, nikiwa macho, nikiwa na kikombe mkononi. Ko, ko, ko. Kisha kimya. Hicho kimya ndicho kinachonitisha, kwa sababu bado nangojea ndani yake.

Mama hajui. Alikaa futi mbili kutoka kwangu na hajui.

Nimeshaagiza kile kibanda. Lori litakuja tarehe moja Aprili. Wewe ndiye uliyebaki na haki ya kusema. Nitumie neno moja tu, hata kwa telegramu. Ukisema nunua, nitakishusha juu ya ule mlango na hautafunguliwa tena, na nitaelewa. Ukisema jenga, sijui nitafanyaje, lakini nitajaribu.

Verlon


Harlow Gap
9 Aprili 1978

Twyla,

Hujajibu. Siku hizi namngoja mleta barua kwenye ua kama mbwa. Jana aliniambia, "Bwana Tackett, nikipata barua ya Alaska nitapiga honi kuanzia darajani, sasa niache nipite."

Lori limekuja tarehe moja. Dereva mnene, anatafuna kijiti. "Mzee, niweke wapi?" Nikanyoosha mkono kwenye tuta la handaki. Akaanza kurudi nyuma. Nikapiga kelele, "Si hapo! Kule mbali, karibu na uzio." Akachomoa kijiti mdomoni. "Umeonyesha hapa." Nikamwambia, "Mkono umeonyesha hapo. Mimi nasema kule." Akaniangalia vile wanavyoniangalia watu siku hizi. Kipo pale karibu na uzio, kizuri, kimepakwa rangi nyekundu, ndani hakuna kitu. Zana bado ziko barazani.

Alhamisi mbingu iligeuka kijani tena. King'ora cha mji kililia. Nilimshika Mama mkono tukaenda mpaka mlango wa nyuma, nikaliona handaki, hatua kumi na mbili tu. Miguu ikakataa. Sikutania, sikuongeza, miguu ilikataa kama ya punda. Tukarudi ndani. Nikamlaza Mama ndani ya beseni la kuogea, nikajilaza juu yake, na godoro juu yetu.

Akaniuliza kwa sauti ile yake ya kupigia kelele viziwi wenzake: "VERLON, MBONA TUPO BAFUNI? TUMECHAFUKA?"

Upepo ulipita maili tatu kusini. Ungekuja kwetu, godoro lingekuwa la nini? Niliihisi mifupa yake chini yangu, midogo kama ya kuku. Nimeogopa, mwanangu. Nimekuwa mtu mzima miaka mingi na sijawahi kuliandika neno hilo.

Hata kama ni tusi, niandikie.

Verlon


Kuskokwim
16 Aprili 1978

Baba Mdogo,

Barua yako ya Machi ilifika tarehe ishirini na nane. Usiseme ndege imechelewa. Mimi ndiye niliyechelewa.

Siku ya kwanza nilitoka nje bila glavu, nikatembea juu ya mto mpaka mzazi mmoja wa mwanafunzi akanifuata na kunirudisha. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira hivi kwamba niliwapigia kelele watoto kwa sababu ya kugonga mlango. Nimewafutia hiyo sheria. Wanaingia tu.

Nimekuwa nikifikiria mkono wa Baba. Nitaufikiria siku zote na sitakudanganya. Lakini nimekumbuka jambo. Baba hakuwahi kuwa na subira ya kufika nne. Nyumbani, kwa Bibi, popote, aligonga tatu akasukuma. Mama yangu alikuwa akimgombeza. Kwa hiyo pengine upepo ulimwahi, au pengine alifanya alivyozoea. Hatutajua, wewe wala mimi. Ile sheria ilitungwa na Babu Amos kwa ajili ya watu wenye subira, na hakuzaa hata mmoja.

Sijui kama nimekusamehe. Nitajua nikikuona uso. Shule inafungwa mwisho wa Mei, nitafika Juni.

Neno uliloomba ni jenga. Pembeni ya handaki, si juu. Na kabla ya stoo, fungua zana za Baba, chukua patasi zake, utengeneze komeo jipya la mlango wa handaki, linalofunguka kwa ndani na kwa nje. Mtu akifika asihitaji kuomba.

Na mpaka nifike, sheria ni hii, naitoa mimi kwa kuwa nimebaki mwenye haki ya kusema. Usingoje nne. Fungua kwa moja. Fungua hata kama ni tawi.

Mpeleke Bibi chini. Nakuomba.

Twyla


Harlow Gap
21 Mei 1978

Mwanangu Twyla,

Salamu nyingi. Bibi yako hajambo, ana jino moja pungufu na anasema halikuwa na faida. Mimi nina bega lililoteguka, daktari amelifunga, kwa hiyo naandika kwa mkono wa kushoto, na mwandiko bado ni mzuri kuliko wa Pruitt.

Barua yako ilifika tarehe nne. Mleta barua alipiga honi kuanzia darajani kweli, wenyeji wakadhani harusi. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikaenda barazani nikaondoa turubai. Patasi za Hollis zilikuwa na kutu juu tu, chini chuma ni kile kile. Komeo lilinichukua siku tano. Ningesema moja, lakini ni tano. Siku ya kwanza nilifungua mlango wa handaki nikakaa ngazi ya juu tu. Ya pili, ya kati. Ya tano nilikuwa chini. Matango ya Mama yapo salama. Nyoka hakuna. Hakuwahi kuwepo nyoka.

Upepo ulikuja Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, saa kumi jioni. King'ora, kijani, yote yale. Nilimbeba Mama. Hatua kumi na mbili. Nililia hatua zote na yeye alidhani naimba, akaniitikia.

Ukafika juu yetu. Ile pumzi. Nilishika mlango kwa mikono miwili.

Ko.

Moja. Nikafungua. Upepo ukanivuta mpaka kiunoni, nikaona ndoo ya ng'ombe inazunguka pale mlangoni, hakuna mtu. Nikavuta mlango kwa uzito wangu wote. Mama: "VERLON, FUNGA, UNAINGIZA BARIDI!"

Ko, ko. Nikafungua. Mvua ya mawe tu, saizi ya yai. Moja likamkuta Mama mdomoni, ndilo lililochukua jino. Nikafunga.

Kisha likaja pigo moja kubwa, nikajua ni mbao, nilijua kabisa, sikio langu linajua mbao. Nikafungua vilevile. Ulikuwa mlango mwekundu wa kile kibanda cha kununua, umekuja wenyewe kutuamkia. Kibanda kizima hakipo tena. Hapo ndipo bega lilipotoka. Nilijisemea sina mkono wa kufungulia tena. Mama hawezi. Basi.

Ikagongwa tena. Ovyo ovyo, bila hesabu, kama mtu anayekung'uta zulia.

Nikafungua kwa mkono wa kushoto.

Alikuwa Pruitt. Kiatu kimoja, suruali imepasuka, uso wote damu na udongo, ameshikilia pete ya mlango kwa vidole vyote kumi na miguu yake haipo ardhini. Nasema haipo ardhini. Gawa unavyotaka, haitashuka. Nikamdaka ukosi, akaanguka ndani juu yangu na juu ya matango, na mlango ukajipiga wenyewe nyuma yake.

Hakujua kwamba komeo jipya linafunguka kwa nje. Alipopata pumzi akanifokea. "Nimegonga saa nzima! Ulikuwa unafanya nini, unasuka nywele?"

Nilimshika mkono wa kulia nikaugeuza kwenye taa, nikaangalia vifundo vyake. Vimechubuka. Akasema, "Nini wewe? Niachie mkono." Sikuuachia mpaka king'ora kilipolia cha salama. Mama alimpa tango.

Nilifungua mara nne, Twyla. Tatu hazikuwa na mtu.

Siku ya tatu baada ya hapo nilimweleza Mama, kwa kuandika kwenye karatasi kubwa, kila kitu. Alisoma polepole, midomo ikienda. Akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake, akaenda jikoni. Baadaye akaniletea sahani ya maharage. Hakusema neno, na wewe unamjua. Leo ndiyo mara ya kwanza amenigombeza tena, kuhusu viatu.

Ile stoo ya bati ya Pruitt imekwenda, na skrubu zake zote mia nane, ila zile za mfukoni. Nguzo zangu tatu zimesimama pale pale. Jumatatu, kwa mkono mmoja, nimechimba shimo la nne. Pruitt alishika nguzo huku akinifundisha kazi ambayo hajawahi kuifanya. Mbao za Hollis tumezipigilia pande mbili. Pande mbili nyingine nakuachia wewe, na randa nimezinoa.

Usiku wa jana nilikaa barazani nikangojea nisikie. Nilisikia mbwa, nikasikia Mama anakoroma. Sijui ya kesho. Bado naogopa, nisikudanganye. Uso wangu utauona mwenyewe.

Ukifika Juni, usibishe hodi. Komeo linafunguka kwa nje.

Baba yako mdogo,
Verlon